Miezi Mitatu ya Alizeti

Nilirudi Karatu na shahada yangu na mke, nikapanga nyumba inayochangia ukuta mmoja na ya dereva wa watalii. Kila mtu alimwita Baba Pacha. Mimi, mwaka wa tatu wa ndoa, nilikuwa bado Msomi.

Tulikwenda kupimwa wote wawili, lakini daktari aliniita peke yangu. Mbegu zangu ni chache, akasema, na nyingi hazina nguvu ya kuogelea. Kuna virutubisho vinavyozikinga zisiharibike: nile mapera, karoti, karanga, alizeti. Huenda vikasaidia, hakuahidi. Mbegu huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo nirudi baada ya hapo.

Mke wangu nilimwambia majibu bado. Akaendelea kunywa dawa ya uzazi, mizizi michungu aliyoletewa na mama yangu.

Kila jioni dereva aliporudi kutoka mbugani, kule kreta, nilimchungulia anakula nini. Chipsi. Nyama choma. Sigara. Karoti hakuna hata moja! Nikawaza labda anakula mboga kwa siri huko hotelini.

"Msomi," alicheka alipoona maganda ya alizeti miguuni pangu, "umegeuka kasuku?"

Kisha mkewe akajifungua tena. Mama yake dereva akaja kutoka Kilimanjaro kumlea mzazi, kama ilivyo desturi yao: miezi mitatu ndani, mtori wa ndizi na nyama, na maziwa. Mimi miezi mitatu ya alizeti, wao miezi mitatu ya mtori.

Jumatatu tulikwenda kuwapa hongera. Mama yake dereva akampakatisha mke wangu mtoto.

"Na wewe jitahidi, mwanangu. Unakunywa dawa?"

"Nakunywa, mama."

"Kunywa sana. Usimcheleweshe mwenzio."

Dereva alikuwa ameegemea mlango, analalamikia tairi lililopasuka; hakumtazama mtoto wake hata mara moja. Nilimwonea wivu. Halafu nikaona mke wangu anamfunika mtoto vizuri kwa shali, mara ya pili, mara ya tatu.

"Si yeye, mama," nikasema. "Mwenye tatizo ni mimi. Nimepimwa."

Dereva akanishika bega. "Pole, kaka."

Hapo nilimwonea wivu kuliko siku zote. Alikuwa na kila kitu, hata huruma ya kunigawia.

Mke wangu alimrudisha mtoto polepole, akatangulia nyumbani. Nilimkuta uani amesimama na sufuria ya mizizi.

"Umejua tangu lini?"

"Mwezi wa pili sasa."

"Na kila asubuhi unaniona nakunywa."

Akaimwaga yote kwenye mfereji, akaingia ndani. Hakunisemesha hadi Jumapili.