Remigius na Kipimo cha Mafua

Remigius hakuweza kukaa kitako. Hata kanisani Kibosho alisimama karibu na mlango. Kwa hiyo tulicheka, mwaka 2009, watafiti kutoka mjini walipomchagua yeye, mhudumu wa zahanati yetu, ajaribu kipimo kipya cha virusi vya mafua. Unaingiza kijiti chenye pamba puani, unakikoroga kwenye dawa, unadondosha matone kwenye kipande cha plastiki, halafu unasubiri dakika kumi na tano. Mstari mmoja, huna virusi. Miwili, unavyo. Remigius alizimaliza dakika hizo akizunguka meza.

Julai ile mkewe, Theodora, alikuwa na mtoto wa siku tisa. Kwetu mzazi, yaani mama aliyejifungua, hutunzwa na mama mkwe, na asubuhi moja Lukresia, mama yake Remigius, aliteremka na sufuria ya mtori wa ndizi na nyama. Lakini alikuwa anakohoa.

"Mama, usiingie kwa mtoto kabla sijakupima."

"Nimelea wanane kwa kifua hiki hiki," alisema, ila akamfuata hadi zahanati. Kijiti kilipoingia puani alifumba macho. "Unatafuta nini humo, kahawa?"

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Dakika zikaisha. Mstari mmoja.

"Haya, umeona," alisema Lukresia, akajifunga kanga, akaondoka.

Remigius alichukua pakiti ya kipimo cha mgonjwa aliyefuata kutoka kwenye friji ya chanjo. Ilikuwa baridi, ikaanza kutoa jasho mkononi mwake. Akasimama. Watafiti walisema pakiti ikiwekwa kwenye friji itolewe nusu saa kabla, iishe ubaridi, la sivyo kipimo huweza kushindwa kuonyesha virusi vilivyopo. Yeye alizitia zote humo kwa sababu kila kitu cha thamani pale zahanati hukaa humo. Na ya mama yake aliitumia hapo hapo.

Aliwaomba wagonjwa wamsubiri, akateremka mbio katikati ya migomba, pakiti mfukoni. Alimkuta Lukresia ameshashika komeo la mlango wa mzazi.

"Mama, toka hapo. Kile kipimo nilikiharibu."

"Kipimo ndicho kisichojua, au ni wewe usiyejua?"

"Mimi, mama."

Theodora alikuwa anasikia ndani. Lukresia aliachia komeo, akakaa kwenye kigoda uani.

Safari hii Remigius aliiacha pakiti mezani nusu saa nzima. Alizunguka banda la ng'ombe hata ng'ombe wakaacha kula. Alipompima, mstari wa pili ulitokea dakika ya kumi na mbili, hafifu, lakini upo.

Lukresia aliutazama. "Nani atampikia?"

"Wewe, hapa uani. Mimi nitaingiza."

Wiki nzima alipika nje, amejifunika mdomo kwa kanga. Remigius alipokea bakuli, akaingia, akatoka, akaingia tena. Kila alipotoka aliulizwa swali moja.

"Mtoto amekohoa?"

"Hapana, mama."

Siku ya nane, kikohozi chake kimekwisha, Lukresia alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Akashika komeo, akamgeukia kwanza mwanawe. "Niingie?"