Nilianza mazoezi nikiwa na miaka 56 na shemeji akashindwa kupanda kilima

Wakuu, habari za leo. Mniite Mwaitu, wale wa Machakos wanajua ni mama. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sijaongeza chumvi, pressure hairuhusu.

Ni mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, huko Kathiani. Bwanangu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Tangu tumzike, sauti yangu ilipotea. Kanisani nilikaa karibu na mlango. Kwa chama cha akina mama nikiwa na neno, nilimnong'onezea jirani aseme kwa niaba yangu. Alisema vizuri kuliko mimi, lakini mara nyingine alisema yake.

Shemeji yangu Mutuku aliona hiyo nafasi. Aling'oa mkonge wa mpaka upande wa chini, akalima ndani kwangu hatua kumi na mbili. Nilihesabu. Nikarudi jikoni.

Wakati huo huo nesi wa clinic akaniambia pressure imepanda, nitembee kila asubuhi.

Nikanunua raba. Nikavaa tracksuit ya marehemu, nikakunja miguu ya suruali mara mbili. Saa kumi na mbili asubuhi nikaanza kupanda kilima cha nyuma ya nyumba, shamba letu linafika hadi juu.

Siku ya kwanza nilifika kwa choo cha jirani nikarudi.

Baada ya miezi miwili nilikuwa najaribu kukimbia kidogo. Kijijini kwetu mama wa umri huo hakimbii bure. Wa kwanza aliuliza nani amekufa. Wa pili aliuliza mwizi amepita wapi, akashika panga tukimbie pamoja. Nilimwambia ni exercise. Alirudi nyumbani amekasirika.

Mwezi wa tano wa mazoezi nilifika juu kabisa bila kupumzika. Nilikaa kwa jiwe la mpaka nikalia kidogo, halafu nikashuka kukamua ng'ombe.

Sijui kuelezea vizuri hii sehemu. Hakuna siku niliamka nikiwa jasiri. Ni vile tu Jumapili moja niliombwa kusoma matangazo kanisani, nikasoma hadi mwisho, na sauti ikafika hadi mlangoni.

Wiki iyo hiyo nikaenda kwa assistant chief kuhusu mpaka.

Alikuja na wazee watatu. Mutuku aliongea sana. Alisema mpaka ulikuwa pale amelima tangu zamani, na marehemu alijua. Mzee mmoja akasema basi tupime kutoka hapo chini tumalize, jua ni kali.

Nikasimama.

"Mkonge wa chini umeng'olewa," nikasema. "Wa juu uko, na jiwe la mpaka liko. Twendeni niwaonyeshe."

Mutuku akaniangalia. "Huko juu wewe utafika?"

"Nitatangulia."

Nikatangulia. Wazee wawili walibaki chini ya mti wa kwanza. Mutuku alifika katikati, akakaa, akasema anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa sandals.

Juu tulifika mimi, assistant chief na mzee mmoja. Jiwe lilikuwa pale, na mkonge wa zamani umeshuka laini moja ukielekea ndani ya mahindi ya Mutuku. Assistant chief alishika magoti kwanza, ndio akauliza maswali. Nilijibu yote. Pumzi ilitosha.

Mpaka ulirudishwa. Mutuku hakuniongelesha hadi mavuno.

Halafu siku moja alinipata barabarani, akaangalia kando, akaniuliza huwa natoka saa ngapi. Kumbe clinic walikuwa wamempima pressure pia. Nikamwambia saa kumi na mbili. Akaja. Tulipanda, nikimngoja kwa kona.

Funzo langu ni dogo. Nilidhani kwanza nipate ujasiri ndio nianze. Miguu ilianza peke yake, mimi nikafuata nyuma.

Kama umeanza mazoezi umri umeenda, weka hapa chini ulipofika siku ya kwanza. Hata kama ni kwa choo cha jirani.