Mkono wa Kushoto wa Dereva

Dereva mmoja wa lori aliniletea kirungu kimoja cha mbao, chenye tumbo kama chupa na shingo ndefu, akaniuliza kama naweza kuchonga vitatu vya kulingana na vyake vitatu. Nilikuwa seremala hapa Malaba, miaka ya mwanzo baada ya Uhuru. Nilivichonga kwa tezo na msasa. Kimoja kilitoka kizito kidogo, nikamwambia mwenyewe kabla hajagundua.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, aliyejifunza jeshini mchezo wa kurusha virungu juu na kuvidaka kwa zamu. Kila lori lake lilipopita kwenda Kampala alinifundisha nje ya karakana, mpaka nikaweza kurusha vitatu peke yangu. Halafu ekseli ikamvunjikia, akakaa wiki mbili akingoja spea kutoka Nairobi. Ndipo akasema tujifunze kurushiana vyote sita, tuonyeshe watu kwenye harambee ya shule.

Nikawaambia watu wote. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Mnatazamana, kila mmoja na vitatu vyake, anajirushia. Mkono wa kulia ukirusha mara ya kwanza unahesabu "kwangu". Mara ya pili unahesabu "kwako", na hicho kinavuka mpaka mkono wa kushoto wa mwenzako, ulio mbele yako moja kwa moja. Mimi kila nikifika "kwako" kirungu kilikata kona kikaenda mkono wake wa kulia, ambao nao ulikuwa kazini. Vikagongana. Siku moja kimoja kilimpiga mdomoni.

"Fundi, mkono wangu wa kushoto uko na shida gani?"

"Hakuna shida, mzee."

"Basi mbona unaunyima?"

Baadaye nikafikiri. Kwetu Angurai mtoto hampi mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto, wala hapokei kwa huo. Shangazi aliyenilea, ambaye bado nilikaa naye, alinichapa vidole kwa sababu hiyo. Sasa nampa mtu wa rika la baba yangu apokee kwa huo huo, tena kwa kumtupia. Au labda natafuta kisingizio. Huenda sikuwa na shabaha tu.

Nilipomweleza alicheka, kisha akasema Ijumaa ikifika kama bado nakosea, Jumamosi kwenye harambee atasimama peke yake na vitatu vyake. Ilikuwa haki. Akatia mkono wa kulia mfukoni.

"Huu umekatwa. Sasa utanipa wapi?"

Siku tatu nilimrushia hivyo, kimoja kimoja, naye akidaka kwa kushoto na kukirudisha kwenye wangu wa kushoto. Mkono wangu ukaanza kusahau adabu. Alhamisi nilinyoosha wa kushoto kupokea chai ya shangazi. Alikirudisha kikombe mezani. Ijumaa tulirushiana mara nane bila kuangusha, dereva akasema haya, tutasimama wawili.

Jumamosi shangazi alikuwa amekaa mbele kabisa. Tulienda vizuri, kwangu, kwako, mpaka macho yangu yakamwona, kirungu kikaenda kulia. Viwili vikaanguka miguuni pa dereva.

"Huyu amenisalimia mkono wa kulia," akawaambia watu.

Wakacheka. Akaviokota, tukaanza tena, na mara hiyo tulifika kumi na mbili kabla yeye hajasema basi.

Wengi walidhani dereva ndiye aliyeangusha. Niliokutana nao niliwaambia ni mimi. Mama mmoja akasema ile ya kuanguka ndiyo iliyomfurahisha, kwa hiyo sijui kama tulifaulu au vipi.

Jioni shangazi aliniuliza, "Yule mgeni ulikuwa unampa vitu kwenye mkono wa kushoto mbele ya watu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na yeye alikuwa anapokea?"

"Alikuwa anapokea."

Akamimina chai.

"Basi hiyo ni juu yake," akasema, akanipa kikombe. Nilikipokea kwa mikono miwili.