Kiti cha Mama Juu ya Trekta

Harufu ya dizeli ikichanganyika na mchanga wenye chumvi hunirudisha Azaiba ya zamani, pwani ya Maskati, kabla haijawa na maduka wala taa za barabarani. Wenzangu hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi au ya udi. Mimi nilipewa dizeli, na sina wa kumlalamikia. Nilikuwa na miaka minane. Mimi na baba tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mambo yalipoharibika, na mama akabaki nyuma kumuuguza bibi, mama yake mzazi, kwa muda mfupi tu. Ndivyo tulivyoambizana. Muda mfupi huo ulikuwa umeshakula mwaka mzima. Tulikaa katika kibanda cha makuti ya mtende karibu na bahari. Kiarabu nilikijua cha kusalia, cha kuombea maji sikukijua, na watoto wa jirani wakikaa ukutani wakinitazama nikicheza nage peke yangu, mrushaji mimi na mkwepaji mimi. Kule nilikotoka nikiitwa Mwarabu; hapa nikaitwa Mzinjibari. Nilikuwa mpweke, na upweke wa mtoto ni mbaya kwa kuwa hajui kama una mwisho.

Baba alikuwa dereva wa trekta katika mabonde ya mpunga huko kwetu, na kwa ujuzi huo alipata kazi ya kuiweka wazi njia ya udongo iliyotoka kambi ya kampuni hadi kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Kipupwe cha Azaiba hakina barafu, lakini kina shamali, upepo unaotoka baharini na kuubeba mchanga wa ufukweni mpaka njia ipotee na malori yakwame hadi ekseli. Msimamizi wake alimpa trekta dogo, tupu, lisilo na chochote ila usukani na magurudumu, akamwambia kwamba njia ikibaki wazi mpaka kipupwe kiishe ataandikwa kazi ya kudumu, na yeye mwenyewe atamuombea mkewe ruhusa ya kuingia nchini. Baba alinieleza hayo tukila wali na papa mkavu. Tangu siku hiyo sikuliona tena trekta lile kama chombo cha kazi. Kila msumari uliopigwa pale niliuhesabu kuwa umepigwa kwa ajili ya mama.

Akalivisha trekta kama mtu anavyomvisha bibi harusi, kitu kimoja kimoja bila pupa. Mbele alifunga bamba la chuma, na chini ya bamba akachomelea springi kuukuu ya lori ili iwe makali. Alipunguza upepo wa matairi ili yasizame. Chujio la hewa akalifunga kwa kipande cha kanga ya mama kilichochovywa mafuta, na moyo uliniuma kwa sababu nilikuwa nikikilalia. Nyuma, kwa kuwa bamba lililemea mbele, akaweka sanduku la mbao akalijaza mawe. Kisha, kazi ilipokuwa imekwisha na fundi mwingine angenawa mikono, yeye akatafuta kiti kilichovunjika, akakikata miguu, akakipigilia juu ya sanduku lile, na kwa sindano ya magunia akashona mto wa pamba aliyoichomoa kwenye godoro lake mwenyewe. Miguu ya mama ilikuwa ikivimba na hakuweza kutembea mchangani. Baba alituma salamu kwa kila msafiri aliyejua anaelekea Unguja: mwambieni nimemuwekea kiti, hatakanyaga mchanga. Nilipotaka kukijaribu akanizuia kwa upole.

"Hapo sipo, mwanangu. Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo, baba."

"Hayupo, lakini n'namngoja. Wewe kaa kwenye madigadi, juu ya gurudumu, ushike hapa."

Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakumjua baba. Kwetu asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kiti cha mto, na aliyekuwepo alikaa juu ya bati la moto.

Siku za mwanzo kazi ilikwenda kombo. Baba aliusukuma mchanga upande wa bahari, njia ikawa safi hata ungeweza kutandika mkeka, na kesho yake asubuhi mchanga ulikuwa umerudi wote, na jamaa zake. Akasukuma tena, ukarudi tena. Msimamizi alikuja akatazama, akaondoka, na baba akaacha kula. Mimi nilidhani nchi yenyewe haimtaki mama. Hadi asubuhi moja nilikuwa nikifagia ua, na kwa mazoea ya kwetu, ambako taka hufagiliwa kuelekea pwani, nililisukuma vumbi upande wa bahari, nao upepo ukanirudishia lote mdomoni. Baba alikuwa kizingitini na kikombe chake cha kahawa. Akanitazama nikitema, akalitazama trekta, akaanza kucheka taratibu, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu tuondoke Unguja.

"Maskini sisi," akasema. "Tunamtupia shamali mchanga mlangoni kwake, kisha twashangaa akitusukumizia."

Siku hiyo hiyo alifungua bolti akaligeuza bamba, mchanga ukawa unamwagikia upande wa bara, upepo wenyewe ukimsaidia kuupeleka. Njia ikakaa. Malori yakapita kipupwe chote, na madereva wakawa wanatupungia mikono. Kazi yangu ilikuwa kukung'uta kile kiti kila jioni, kwa kuwa mchanga hukipenda kiti kitupu, na nilikuwa nikiukung'uta mto kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mkono mwingine nilikuwa nikiulaza pale kidogo, nione unavyobonyea.

Upepo ulipoanza kulala, msimamizi akatimiza ahadi, na ruhusa ikapatikana. Njia wazi, kazi ya kudumu, karatasi tayari. Kisha akafika jamaa mmoja kutoka Mombasa, mtu wa ukoo wa mama, akaketi na baba nje ya kibanda. Nilikuwa ndani nikichambua mchele, nikamsikia akisema: "Mamake hawezi hata kugeuka kitandani. Mkeo anasema umsamehe, hawezi kumwacha. Na mtoto, anasema, umlee wewe." Niliisikia sauti ya baba ikimkaribisha mgeni kahawa. Kesho yake tulitoka kwenda kazini kama kawaida, nikaparamia madigadi yangu. Baba akaliwasha trekta, akalizima. Akageuka nyuma, akaukung'uta mto kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa," akasema. "Huko bati litakuunguza."

Nikakaa. Kilikuwa kiti laini kuliko vyote nilivyowahi kukalia, na nililia njia nzima mpaka kiwanjani, mgongo wangu ukigusana na wa baba.

Bibi aliishi miaka mingi, Mungu amrehemu, na nchi hii ilipofunguka na watu wetu wakarudi huku kwa makundi, baba alikuwa keshatangulia. Mama nilimwona tena nikiwa mtu mzima mwenye watoto, alipokuja kunitembelea. Azaiba ya sasa ina barabara pana na nyumba nyeupe, na mashine za kufagia mchanga hupita alfajiri, hakuna anayeuliza kama dereva wake anamngoja mtu. Nafanya kazi wizarani Al Khuwair, na gari langu lina kiti kinachojipasha moto, anasa ya kipuuzi Maskati. Nilimpakia mama mbele, nikampeleka mpaka pale kilipokuwa kibanda chetu, leo duka la mapazia, nikasimamisha gari. Akatazama muda mrefu, mikono mapajani, miguu yake iliyovimba ikiwa ndani ya viatu vya kitambaa.

"Salamu zake zilinifika," akasema. "Kile kiti nikikiota. Kilikuwa kizuri?"

"Kizuri, mama. Kilikuwa na mto."

"Na nani alikikalia?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono, akauacha pale juu ya goti lake. "Basi hakikukaa bure," akasema. Sikumwambia kwamba nilikuwa radhi nibaki kwenye bati.