Magurudumu ya Mbele Yalipopaa

Watu walimwita Sikio, na fundi mwenyewe hakukataa, maana kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akitibu injini kwa kuzisikiliza. Wenzake waliinama pembeni na tochi. Yeye alipanda, akakaa juu ya boneti, akafumba macho, akaacha mtetemo umpande kutoka makalioni hadi shingoni. Masikio, alisema, huchanganywa na kelele za jirani. Makalio hayana jirani.

Dada yake mkubwa, mkunga aliyestaafu, alikuwa amenunua trekta dogo lililozeeka likikata nyasi za uwanja wa chuo. Injini ilikuwa nzima na pampu ya mafuta ya kunyanyulia ilifanya kazi, ila nyuma lilikuwa tupu, halina pa kushikia plau. Shamba lake la mlimani lilikuwa likisubiri. Akalikokota hadi gereji kwa mdogo wake, akamwambia amfungie mikono mitatu kama ya matrekta makubwa, na asimletee maneno mengi.

Sikio alitumia wiki tatu. Mikono miwili ya chini, ile inayonyanyua, aliikata kwenye chesisi ya lori lililokufa. Wa tatu, wa juu katikati, unaoizuia plau isibinuke, aliutia parafujo nene ili urefuke na kufupika. Pini alizichonga mwenyewe. Plau waliazima kwa jirani mwenye trekta kubwa, na ilikuwa nzito kama kosa la mtu mwingine.

Wakajaribu siku tatu uani. Dada alikaa kwenye kiti akavuta leva, plau ikapanda taratibu, trekta likazunguka uani kwa utulivu wa bibi harusi. Na kila mara Sikio alikuwa juu ya boneti, macho kayafumba, akisikiliza. Mkewe alipoleta chai alisema mumewe amekaa pale kama mfuniko wa sufuria. Hakuna aliyelitilia maanani neno hilo, hata yeye aliyelisema.

Shambani, mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwishoni mwake, trekta likiwa limeelekea juu ya mlima, dada alinyanyua plau ili ageuze, akaachia klachi. Magurudumu ya mbele yakaondoka chini.

Hayakuruka. Yalipanda polepole, kwa heshima, kama mtu anayenyanyuka kumpisha mgeni kiti. Sikio alikuwa kando, hatua sita. Aliona tumbo la trekta, nati alizozikaza kwa mkono wake, na juu ya yote hayo nyayo za viatu vya dada yake zikielekea mawinguni. Alijua neno la kusema. Shusha plau, basi. Alifungua kinywa, na miaka thelathini na mmoja ya kufokea watu gereji haikutoa hata kikohozi.

Dada alikanyaga klachi, akasukuma leva. Plau ikagonga ardhi, magurudumu yakarudi chini kwa kishindo. Akazima injini, akafunga upya kilemba.

"Mdogo wangu," alisema, "trekta lako lina adabu. Linasimama kuwapisha wakubwa."

Sikio alikuwa ameketi mtaroni bila kukumbuka ameketi lini. Baadaye alitambaa chini ya trekta. Pini zilikuwa sawa, mikono sawa, mafuta hayavuji. Kutoona kosa kulimtisha kuliko kosa lenyewe. Akaomba spana aing'oe kazi yote.

Mkewe, aliyekuja nao shambani, alikuwa amesimama mbele ya trekta. "Kule uani mbona halikunyanyuka mbele?" aliuliza.

Sikio akatazama boneti. Katikati ya vumbi palikuwa na sehemu mbili za mviringo, safi, zinazong'aa.

Hakuna aliyecheka mara moja, na huo ulikuwa wema. Kisha dada akasema wakampime. Kwa miaka mingi alikuwa akimsihi apunguze kula, naye akimjibu kwamba ana kilo themanini na mbili, basi. Mashineni kwa msaga unga, kwenye mizani ya magunia, Sikio alipanda akiwa bado amepauka. Dada akasoma kama alivyozoea kusoma wodini.

"Kilo mia na ishirini na moja. Mama na mtoto wanaendelea vizuri."

Huo ukawa mshtuko wa pili kwa siku moja, na ndugu yetu hakujua auweke wapi. Alirudia kwamba ataing'oa mikono. Angemuua dada yake, alisema.

"Ung'oe nini?" dada akamuuliza. "Kazi umeifanya vizuri. Umesahau kujihesabu tu."

Siku mbili hakuweza kushika mashine ya kuchomelea. Ya tatu alimimina zege na vyuma chakavu kwenye sanduku, akalipima kwa msaga unga hadi likafika kilo mia na ishirini na moja, bila kuthubutu kupunguza hata moja, akalifunga mbele ya trekta kwa boliti nane.

Dada akapanda tena. Alilima hadi adhuhuri, akanyanyua na kugeuza kila mwisho wa mstari, trekta likatulia. Alimwambia mdogo wake atoke njiani, aende akanywe maji. Sikio hakutoka. Alitembea kando ya tairi la mbele mstari baada ya mstari, na kila plau ilipopanda aliinama, bonge la mtu, shavu karibu na udongo, kuangalia kama mwanga unapita chini ya tairi.