Herufi Kubwa za Kerneli Mpya

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Bagamoyo kutoka Miono kuuguza mguu. Mimi nahariri video za harusi nyumbani, kwenye kompyuta ya Linux. Asubuhi moja niliruhusu masasisho, yakaleta kerneli mpya, yaani kile kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vyote. Nilipoiwasha upya, kioo kilirudi na herufi nene kama za bango la duka, rangi zimepauka, na programu ya kuhariria ikagoma kufunguka.

Nikasoma ripoti ya mfumo. Moduli, yaani kijiprogramu cha kuendeshea kadi ya picha, haikupatikana, na bila hiyo kioo huonyesha kila kitu kikubwa kupita kiasi. Ile niliyokuwa nayo ilijengwa kwa kerneli ya zamani.

Mama alikuwa nyuma yangu mkekani, anapukuchua kunde. Nikamsikia anasoma polepole: "Nikahi. Singo. Kumtoa bibi harusi." Yalikuwa majina ya mafaili yangu ya video, singo ikiwa ile siku ya kumsugua bibi harusi kwa manukato.

Nikageuka. Tangu niolewe, mimi na mume wangu tulikuwa tukimsomea kila kitu: maelezo ya dawa, ujumbe wa simu, hata ratiba ya kufuturu. Hakuna aliyewahi kutuambia kuwa hajui kusoma. Tulichukulia tu.

"Mama, kumbe unasoma?"

"Nilisoma ngumbaru ukubwani, mwanangu, na cheti nikapata. Herufi zenu ndizo ndogo."

Hakusema kwa kinyongo. Aliendelea na kunde zake. Mimi ndiye niliyeshindwa kurudi kwenye kazi. Nikamfungulia palepale kwenye kompyuta ujumbe wa mwanawe, aliyekuwa Mtwara kikazi. Akasogea, akausoma mwenyewe, midomo ikicheza. Alipofika pale mume wangu anapolalamikia wali wa huko, akacheka, akaurudia mstari ule.

Lakini wenye harusi walikuwa wanasubiri video yao. Nikaiwasha mashine kwa kerneli ya zamani, ambayo bado ilikuwepo kwenye orodha ya kuanzia. Kila kitu kikarudi: rangi, programu, na herufi ndogo. Mama akakaza macho, kisha akanyanyuka taratibu kwenda kutazama sufuria jikoni.

Sababu ilikuwa ndogo. Vifurushi vya kujengea moduli kwa kerneli mpya havikuwa vimeshuka. Nikavipakua kwa bando la simu, nikaijenga moduli upya, nikawasha tena kwa kerneli mpya. Safari hii kioo kikatulia, programu ikafunguka, herufi zikabaki ndogo.

Kabla sijaanza kuhariri nikamwita Mama, nikaingia kwenye mipangilio na kuanza kukuza maandishi.

"Ongeza," akasema. "Ongeza kidogo. Hapo."

Mguu ulipopona tulimpeleka kupimwa macho, akapewa miwani. Anaivaa anaposhona ukili wa mkeka. Ujumbe wa mwanawe anapenda kuusoma kwenye kompyuta, na siku hizi anamjibu mwenyewe, kwa kidole kimoja, bila haraka, nami nakaa pembeni nangoja zamu yangu.