Meneja wetu Kigoma alipanda gari la polisi pamoja na mchezaji ambaye yeye mwenyewe alikataa kumsajili

Wakuu, habari za humu.

Leo sina utani. Nina hasira tangu juzi, na najua nikinyamaza itanikaa rohoni. Nitakachosimulia nilikiona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Mwanga, Kigoma mjini, redio inaongea. Kuna mzee amealikwa awafundishe vijana siri ya kuwa meneja mkuu wa klabu ya kulipwa mwenye mafanikio. Anamwaga sera. Uwe na jicho la vipaji. Uwe na connection. Uwe mtu wa maamuzi magumu.

Sauti niliitambua kabla mtangazaji hajamtaja. Alikuwa mwenyekiti wetu wa zamani.

Nikamwomba kinyozi azime. Akaniangalia, akaona sitanii, akazima.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini.

Mwaka wenyewe niuache, waliokuwa Kigoma wataujua. Ni miaka ile watu walikuwa wanavuka ziwa na mpaka bila kukatika, kutoka Burundi na Kongo. Kambi zimefurika, na Ujiji kila nyumba ina mgeni anayetambulishwa kama "ndugu yetu".

Mimi nilikuwa beki wa kushoto na nahodha wa timu moja ya hapa mjini. Nitaiita Mwambao, si jina lake. Tulikuwa ngazi moja chini ya ligi kuu, na kupanda tulikutaka kwa udi na uvumba.

Timu ilikuwa inaongozwa kutoka vibarazani. Kikosi kilipangwa na wanakamati kwenye kahawa, halafu kocha wetu, Kocha Sadi, anapelekewa majina kama mtu anayetumwa sukari. Ukikosana na mjumbe kwa sababu ya shamba, mechi inayofuata unaitazama kutoka benchi.

Wanachama wakapiga kelele mpaka kamati ikakubali kuajiri meneja mkuu.

Akaja Bwana Anyosisye. Mnyakyusa wa Rungwe, aliletwa Kigoma na kazi ya serikali, idara ya maji, akaoa huku huku na alipostaafu akagoma kuondoka. Mpira hakuwahi kuucheza popote pa maana. Watu walicheka sana.

Siku za mwanzo tu alikwenda kwenye kile kibaraza, akaagiza kahawa, akawaambia kuanzia leo kikosi anapanga kocha. Mmoja akamuuliza, sasa wewe kazi yako itakuwa nini? Akajibu kwa upole kwamba kazi yake ni kuwazuia wao.

Nawaambia kahawa ilipoa siku hiyo.

Zamani tulikuwa tunashuka kwenye treni Tabora miguu imevimba, tunaingia uwanjani saa hiyo hiyo. Akabadilisha, tukawa tunasafiri mapema, tunalala. Akapatana na mama mmoja wa Rusimbi atupikie, maana kuna wachezaji walikuwa wanakuja mazoezini na chai kavu tumboni.

Beki wetu wa kati alipofiwa na mama yake kijijini, Meneja alikwenda msibani siku ya mechi. Kamati ikamkaripia. Akawaambia mechi ina kocha, msiba ule haukuwa na mtu wa klabu.

Tukaanza kushinda. Si kwa uchawi. Tulikuwa tumeshiba, tumelala, na kila mtu anajua amepangwa kwa sababu ya mpira wake.

Sasa twende kwa Nestori.

Meneja alikuwa na tabia ya kuomba ruhusa kwenda kutazama mechi kambini. Siku moja akanichukua, maana mimi ni Muha na Kirundi nakisikia. Uwanja ni vumbi tupu, na kulikuwa na kijana mmoja anacheza pekupeku. Mpira umetoka juu angani, akaupokea kwa mguu wa kushoto, akautua chini kama mtu anayeweka chungu cha maji.

Nilitazama mabeki wanaomkaba nikawaonea huruma, kwa sababu mimi ni mwenzao.

Mwingine angemfuata kijana. Meneja alimfuata bibi yake, ndiye aliyekuwa amebaki kwenye ukoo. Nikawa natafsiri. Akamweleza kwamba mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwamba ataomba kibali hicho na kumsajili kama mgeni kwa jina lake la kweli, na kwamba itachukua muda. Akamsihi asimwachie mjukuu wake atoke mpaka kibali kipatikane.

Bibi akasema sawa. Akasema amechoka kuona watu wanaondoka haraka haraka.

Tuliporudi mjini na Mwenyekiti akasikia habari za Nestori, hakulala. Akaitisha kikao, nami nikaitwa kama nahodha. Akasema kibali cha nini? Mpeni jina, aitwe mtoto wa mtaa wa Kasingirima hapa hapa mjini. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, nani atatofautisha?

Meneja alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akasema, "Nikimpa jina la uongo, siku likifumuka anayefungwa ni yeye. Sisi tutakwenda kula chakula cha mchana nyumbani."

Mwenyekiti akasema huyu mtu hana njaa ya mafanikio. Kumbukeni, huyo ndiye leo anafundisha vijana.

Haikupita muda Meneja akapanda treni kwenda Dar kwenye mkutano wa viongozi wa klabu.

Kilichofuata sikukishuhudia mwanzo wake. Nestori mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Wajumbe wawili walikwenda kambini, wakamwambia bibi kwamba wametumwa na Meneja, kibali kimetoka.

Yaani wakuu, walitumia jina la mtu yule yule aliyekataa. Bibi alimfungia mjukuu wake nguo kwenye kitenge kwa sababu alimwamini Anyosisye.

Sisi wachezaji tukaambiwa Meneja amepiga simu kutoka Dar, mambo yamekamilika. Tukashangilia. Siku ya mechi ndipo tukamsikia anaitwa Yusufu.

Na jina lenyewe lilimkataa. Namwita "Yusufu, rudi!", hageuki. Kocha anaita, hageuki. Mpaka mwamuzi akadhani jamaa ana matatizo ya masikio.

Lakini akapata mpira upande wa kushoto, akakata ndani, akaupeleka kona ya mbali. Goli. Uwanja ukalipuka.

Kwenye kelele ile kulikuwa na mama mmoja wa Kirundi, mchuuzi wa dagaa pale sokoni Mwanga, aliyewahi kuwa jirani yao kambini. Alisimama juu ya benchi analia kwa furaha, anaita, "Nestori! Nestori wacu!"

Nestori wetu.

Na yeye, kwa mara ya kwanza siku ile, akageuka. Akampungia mkono.

Wapinzani wetu hawakuwa viziwi. Siku ya pili rufaa ilikuwa imeshaandikwa na polisi wameshaambiwa.

Meneja alirudi na treni akakuta hali hiyo. Sijawahi kumwona vile. Hakupiga kelele. Alikuja mazoezini moja kwa moja kutoka stesheni, begi mkononi, akamuuliza Nestori kama amekula. Halafu akamfuata Mwenyekiti pembeni ya uwanja, akamwambia yeye mwenyewe anakwenda kutoa taarifa kwa wahusika, na kijana anarudi kwa bibi yake leo.

Hakuwahi. Land Rover ya polisi iliingia tukiwa bado tumesimama pale.

Ofisa akashuka, akamwonyesha Nestori kwa kidole, akauliza huyu ni wa nani.

Mwenyekiti, ambaye jioni iliyopita alimnunulia Nestori soda na kumwita mwanangu mbele yetu, alimtazama juu mpaka chini.

"Huyu kijana mimi simfahamu," akasema. "Muulizeni Meneja."

Wakuu, nimeshaona watu wakisema uongo. Lakini ule ulisemwa bila kupepesa macho, na anayekanwa amesimama pale pale na jezi yetu mwilini.

Nestori alikuwa amefundishwa aseme yeye ni Yusufu, mzaliwa wa Kasingirima, na nilimwona anatafuta maneno.

Meneja akaweka begi chini. Akamwambia, "Taja jina lako."

"Niko Nestori," akasema kijana. "Naishi kambini na bibi yangu."

Ofisa akamgeukia Meneja. Ndipo Meneja akasema, "Ni mchezaji wangu. Kama anakwenda, na mimi napanda."

Ofisa akamwambia mzee, wewe hujakamatwa. Akajibu kwamba analijua hilo. Akapanda nyuma, akakaa karibu na Nestori, wakaondoka. Begi lake nililibeba mimi mpaka kwa mke wake.

Mtu ambaye hakumsajili! Mtu aliyekataa mbele ya kamati nzima! Waliomsajili walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Kule kituoni sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Meneja alieleza yote, akaonyesha kwamba maombi ya kibali yapo na hayajajibiwa, na kwamba kijana alidanganywa. Alikaa kwenye benchi la kituo mpaka wakakubali Nestori arudishwe kambini badala ya kupelekwa mahakamani. Akamsindikiza, akamwomba radhi bibi kwa uongo ambao hakuusema yeye.

Tukanyang'anywa pointi. Ndoto ya kupanda ikaishia hapo.

Kukaitishwa mkutano wa wanachama, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti akasimama akahutubia kwa uchungu. Kwamba klabu imeaibishwa. Kwamba mtendaji mkuu ni meneja, na kila usajili unaangukia meza yake.

Nikanyoosha mkono. Nikaambiwa mchezaji hana sauti kwenye mkutano wa wanachama. Nikasema hivyo hivyo bila kuruhusiwa, kwamba Meneja alikuwa Dar na alikataa nikiwepo. Watu wa Mwenyekiti wakanizomea, nikashushwa kwa kuvutwa shati.

Meneja alipopewa nafasi alisema maneno machache sana. "Ni kweli mimi nawajibika. Lakini mniambie, nilikosea kukataa, au nilikosea kutokukataa kwa nguvu zaidi?"

Wakapiga kura, wakamfukuza.

Nafasi yake akapewa mpwa wa Mwenyekiti. Kikosi kikarudi kibarazani. Kocha Sadi akaondoka. Msimu uliofuata tulishuka daraja, na mpaka leo ile timu haijainuka.

Bado sijafika kwenye kinachoniuma kuliko vyote.

Kibali kilitoka. Baada ya Meneja kufukuzwa, majibu yakaja klabuni kwamba Nestori anaruhusiwa kutoka kambini kucheza. Kwa jina lake. Kwa haki kabisa. Mpwa akauliza Nestori ndiye nani, na Mwenyekiti akamwambia aachane na habari za yule kijana wa mikosi.

Hakuna aliyekwenda kumwambia. Mimi nilikuja kusikia kwa mhudumu wa ofisi baada ya miezi kadhaa, nikaenda kambini. Bibi alikuwa amefariki. Nestori alikuwa ameshavuka kurudi kwao.

Nilikutana naye miaka ya baadaye huko Rumonge, Burundi, nilipokuwa nafuata biashara ya mawese. Anauza vipuri vya pikipiki, ana watoto. Goti lilimharibikia kwenye mechi za mtaani, hakuwahi kucheza msimu hata mmoja wa ligi yoyote. Mguu wa kushoto mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Nilipomwambia kwamba kibali kilitoka, aliendelea kumfungia mteja mnyororo.

Halafu akauliza kama Meneja bado yuko hai.

Yuko hai, nikamwambia. Alipofukuzwa alirudi kwao kusini, akapewa kaklabu kadogo ambako hakuna aliyekuwa anakajua, na akakapandisha mpaka ligi kuu. Aliniita, nikaenda. Wakaniuliza kuhusu kocha mzuri, nikamtaja Sadi, akaja. Beki yule aliyefiwa na mama yake alikuja bila hata kuuliza masharti.

Kule ndiko nilikomuuliza Meneja, tukiwa tumekaa jukwaani mazoezi yameisha, kwa nini alipanda lile gari wakati hakuhusika. Nilitegemea aniambie habari za huruma au za dini.

Akasema, "Kapteni, nyinyi wote mlikuwa mmesimama pale mnatazama. Ningebaki chini, kesho yake ningewaambieni nini niwaombe mnichezee?"

Basi wakuu, somo langu ni hilo. Jicho la kipaji hata mchuuzi wa dagaa analo, tena alimwona Nestori kabla ya wengi wetu. Connection kila tajiri anayo. Meneja mkuu ni mtu anayeweza kumwambia bosi wake hapana, akafukuzwa kwa hiyo hapana, na siku mambo yakiharibika akaseme huyu ni wa kwangu wakati wenye makosa wanamkana.

Klabu zetu hazikosi mameneja. Zinawapata, halafu zinawafukuza na kumweka mpwa.

Waliowahi kucheza au kufanya kazi klabuni, tuambieni: kwenu, lile gari lilipokuja, nani alipanda? Na wanaomtetea yule mzee wa redioni waje pia, nipo, nitawajibu mmoja mmoja.